Walioitwa Baada ya Ramani

Dereva wa mradi hasemi kikaoni, kwa sababu hayumo kikaoni. Yuko nje chini ya mwarobaini, kiti amekilaza, redio ameifungulia kwa sauti ya chini. Sisi tuko ndani ya ofisi ya kijiji tunapitia mpango kazi kipengele kwa kipengele. Tunatoka saa nane, tunapeana mikono na mwenyekiti na mtendaji, tunapanda gari. Tukishaliacha vumbi na kuingia lami ndipo dereva wetu, mtu mzee, anasema, macho yakiwa mbele:

"Bosi, pale mlipopima maji hayakai. Kiangazi cha mwaka juzi niliwaleta wengine. Walichimba, wakapiga picha, wakaondoka."

"Sasa mzee wangu, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mlikuwa kikaoni."

Maneno hayo niliambiwa zamani kidogo, kwenye barabara ya Singida, na sijayasahau kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa namalizia kuandika andiko la mradi. Ndani yake kulikuwa na ile aya ambayo sote tunaijua, inayosema kwamba timu yetu imeundwa na watu wa makundi mbalimbali, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wenye ulemavu na wasio nao, na kwamba mchanganyiko huo unaongeza ubora wa maamuzi. Aya ile nilikuwa nimeinakili kutoka andiko la mwaka uliotangulia. Huyo wa mwaka uliotangulia naye, nadhani, alikuwa ameinakili.

Sina ugomvi na madai yenyewe. Naamini kabisa kwamba ofisi yenye watu wa namna moja hukosea kwa namna moja, tena kwa kujiamini. Ninachotilia shaka ni hesabu tunayoifanya. Tunahesabu vichwa kwenye orodha ya mahudhurio, na hatuulizi kila mmoja aliingia mlangoni saa ngapi, wala kama kuna lolote lililobaki la kuamuliwa alipoingia.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapahapa nyumbani. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, ukafika Mbande ukakata kwenda Kongwa, unaingia nchi ya mibuyu, ya mtama na uwele, ya mvua ya msimu mmoja ambayo ikikataa imekataa. Hapo ndipo serikali ya Uingereza ilipoleta Mpango wa Karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza walikuwa wanapimiwa mafuta ya kupikia kwa mgawo, na mwaka 1946 mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alipeleka wazo London kwamba Afrika Mashariki inaweza kulimwa karanga kwa matrekta na mafuta yakapatikana. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Kufikia Novemba mwaka huohuo serikali ilikuwa imekubali.

Hebu tazama namba. Mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Gharama, karibu pauni milioni 24. Mwaka wa kwanza zilitakiwa kusafishwa ekari 150,000. Mwaka 1947 ulipokwisha, zilizopandwa hazikufika 10,000.

Yaliyotokea katikati wazee wa Dodoma waliyasimulia kwa vicheko, na vitabu vikayaandika. Matrekta yalikuwa masalia ya vita, mengine yamenunuliwa kutoka Ufilipino, yakifika yanakufa mojamoja. Vifaru vya jeshi viligeuzwa kuwa mashine za kusukuma miti. Mibuyu haikusukumika kirahisi, na ndani ya mibuyu kulikuwa na nyuki ambao hawakuwa na habari na mpango wowote. Mto Kinyasungwe ulifurika ukachukua reli. Kisha udongo: mchanga wake ulikuwa unasaga meno ya majembe kama msasa, na jua likiupiga baada ya mvua ulikauka ukawa tofali, karanga zikiwa ndani yake. Januari 1951 London ilitangaza kwamba basi, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya hesabu.

Kwa kawaida tunafundishwa kwamba Kongwa ni hadithi ya wazungu wasioijua Afrika. Hapana. Wakefield alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, nchi aliijua. Mwenzake mmoja alitoka kwenye mashamba makubwa ya kampuni, mwingine alikuwa mtu wa mambo ya fedha. Ukiwaweka kwenye jedwali la leo la mfadhili, timu ile ingepata alama nzuri: mtaalamu wa kilimo, mzoefu wa mashamba, mtu wa hesabu. Fani tatu tofauti. Lakini wote watatu walitumwa na uhitaji mmoja, na kama mradi ungefeli hakuna hata mmoja wao ambaye angelala na njaa.

Mgogo wa Kongwa mwaka 1946 alikuwa na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, ile iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vya kwanza kuzoa ng'ombe na nafaka na mvua nayo ikagoma. Mtu wa umri wa miaka arobaini alikuwa ameiona kwa macho yake. Kwa mtu kama huyo, swali la mvua lilikuwa na sura ya nduguye aliyemzika. Wapimaji walikuwa nalo kama wastani wa inchi. Na tofauti ya kujua kwa namna mbili hizo ndiyo iliyokosekana mezani. Wagogo waliitwa, tena kwa maelfu, lakini waliitwa kukata miti. Kazi ya kibarua ilikuwa wazi kwa kila kabila. Desemba 1947 vibarua wa Kongwa waligoma, miezi michache tu baada ya mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, na nadhani huo ndio uliokuwa mchango wao wa kwanza kusikika katika uendeshaji wa mradi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba karanga zinaota Kongwa. Zinaota hadi leo. Dodoma ni kati ya mikoa inayolima karanga kwa wingi nchini, mashamba ya ekari moja na mbili, mengi yakiwa mikononi mwa wanawake, wanaong'oa kwa jembe na mkono udongo ukingali na unyevu. Zao halikuwa na kosa.

Mabaki ya mradi yalipata kazi nyingine. Kule kusini ilibaki bandari ya Mtwara. Pale Kongwa, kuanzia 1964, waliweka kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, na mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya mafuta ya Waingereza ukawa na watu kutoka nusu ya kusini mwa Afrika wakijifunza Kiswahili ili waelewane sokoni. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nirudi kwenye maji, ambako mimi mwenyewe nimekosea.

Kijiji sikitaji, kiko Singida. Tulijenga kisima kirefu, pampu ya jua, tenki, na vituo vya kuchotea. Mkandarasi alimaliza kwa wakati, jambo ambalo mtu wa miradi hulikumbuka kama harusi. Kamati ya watumia maji ilikuwa na wajumbe saba, watatu wanawake, mmoja wao mweka hazina. Kwenye fomu ya tathmini kipengele cha jinsia tulikipa alama ya vyema. Baada ya miezi mitano mapato yalikuwa yameshuka kiasi kwamba mlinzi wa pampu hakulipwa. Taarifa ya wilaya ilieleza sababu kwa neno ambalo likiandikwa na mtu wa miradi ujue hajaelewa kitu: jamii haina mwamko.

Nilikwenda alfajiri, kwa mara ya kwanza bila kikao. Kituo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Ratiba iliyobandikwa ilisema saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Saa kumi na moja na nusu wanawake walikuwa wanapita mbele yangu na ndoo tupu, wanakwenda korongoni kwenye visima vya kufukua mchanga. Nikamfuata mama mmoja, mtu mzima, nikamsalimia, nikamuuliza mbona hawasubiri bomba lifunguliwe.

"Mwanangu, saa mbili mimi niko shambani. Na hata lingefunguliwa, nani atanitwika?"

Sikuelewa. Akanirudisha kituoni, akaiweka ndoo yake ya lita ishirini chini ya bomba, kwenye sakafu ya zege. Akaonyesha kwa mikono: maji yamejaa, ndoo iko hapa chini kwenye vifundo vya miguu, kichwa kiko huku juu, na mtoto yuko mgongoni. Mchana watu ni wengi, mnatwikana. Alfajiri uko peke yako. Kule korongoni kuna ukingo. Unaiweka ndoo juu ya ukingo, unaingiza kichwa, unasimama.

"Aliyechora hii," akasema, akilipiga zege kwa kisigino, "hajawahi kujitwika."

Ilikuwa kweli. Aliyechora alikuwa mhandisi mzuri, na niliyepitisha mchoro nilikuwa mimi. Wote tulibebewa maji utotoni na dada zetu. Wanawake watatu wa kamati walikuwa wameuona mchoro? Niliuliza. Waliuona siku ya uzinduzi, ukiwa umeshakuwa zege. Vikao vya kamati vilifanyika saa kumi na mbili jioni, saa ya moto jikoni. Mweka hazina alikuwa anapelekewa daftari nyumbani akaweka sahihi. Mahudhurio yalionyesha yupo, maana sahihi yake ilikuwepo.

Fundi alijenga jukwaa la kujitwikia pembeni ya kila bomba, tofali chache na mifuko michache ya saruji, urefu wa kifua cha mwanamke wa kimo cha kati. Urefu huo haukutoka kwenye mwongozo. Walisimama wanawake sita kwa zamu, fundi akapima kwa kamba, wakabishana, wakacheka, wakaafikiana. Muda wa kufungua ukasogezwa hadi saa kumi na moja alfajiri. Vikao vikahamia saa nane mchana. Mapato yakapanda, mlinzi akalipwa malimbikizo yake, na mimi nikaandika taarifa yenye kichwa cha habari cha kujisifu.

Ningeishia hapo ingekuwa makala ya mfadhili. Kamati mpya, yenye sauti za wanawake kwelikweli sasa, iliamua kwamba mifugo isikaribie vituo. Kinyesi, matope, watoto wanaugua. Uamuzi wa busara. Birika la mifugo likafungwa. Baada ya wiki tatu bomba kuu lilikutwa limekatwa mahali pawili, na kila mtu alijua ni akina nani: wavulana wachungaji, ambao mbuzi wao walikuwa wanalazimika kwenda mbali mara mbili. Safari hii aliyekosekana kikaoni alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye fimbo. Ugomvi ulichukua miezi, ukafika kwa mtendaji wa kata, na birika likafunguliwa tena upande wa chini wa mteremko. Hakuna fomu niliyowahi kuijaza iliyokuwa na kisanduku cha wachungaji.

Nimejaribu kutafuta mahali ambapo jambo hili limepimwa vizuri, nje ya hisia zangu, na ninaporudi kila mara ni India. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1993 yaliamuru theluthi moja ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji itengwe kwa wanawake, na vijiji vikawa vinapangiwa kwa zamu bila kuchagua. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walilinganisha vijiji vilivyopangiwa na visivyopangiwa katika Bengali Magharibi na Rajasthan, wakachapisha mwaka 2004. Kinachonivutia ni undani wake. Bengali Magharibi wanawake walikuwa wanalalamikia zaidi maji ya kunywa na barabara, na penye mwenyekiti mwanamke fedha zilikwenda zaidi kwenye maji na barabara. Rajasthan wanawake walilalamikia maji, wanaume barabara, na huko mwenyekiti mwanamke aliongeza maji akapunguza barabara. Wanawake hao hawakuwa na tabia moja ya kuzaliwa nayo inayopenda mabomba. Walifuata kile kilichowaelemea mahali walipo. Na walikuwa wameshika kiti chenyewe cha uenyekiti, mkono ulikuwa kwenye fedha.

Watunga sheria wetu, kwa jambo moja walau, waliliona hili mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu wanawake. Hilo ni la kawaida. Utamu uko kwenye akidi: kikao hakiwi kikao bila wajumbe wanne, na wawili kati yao wawe wanawake. Maana yake wanawake wakibaki jikoni, wanaume hawawezi kuamua na kumpelekea mtu daftari akasahihishe kuwa alikuwepo. Wanaweza kughushi, ndiyo, lakini sasa itakuwa ni kughushi. Laiti kamati zetu za maji zingeazima kifungu hicho.

Maofisini, sehemu kubwa ya sheria bado iko kwenye kuhesabu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 yenye ulemavu. Kenya, sheria ya utangamano ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya kaunti ile. Wakenya wana msemo wao, kwamba ofisi iwe na sura ya Kenya. Nausikiliza msemo huo kwa heshima, kwa sababu wanajua machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwagharimu nini. Lakini angalia maneno: ngazi ya kuanzia. Sura inaingia kwa mlango wa chini.

Hapa nakiri kuna mambo mawili tunayoyachanganya. Mtu mwenye ulemavu, au mtu wa kabila dogo, anastahili ajira kwa sababu ni raia na amesoma, hata kama kuajiriwa kwake hakutaiongezea ofisi faida ya shilingi moja. Hiyo ni haki, na haki haiombi tathmini ya mwisho wa mradi. Faida nayo ipo, ila ni kitu kingine, na haiji kwa kujaza nafasi. Nimefanya kazi katika ofisi iliyoajiri kijana kiziwi, ikamtangaza kwenye taarifa ya mwaka, na kwa miezi kumi na minane haikumtafutia mkalimani wa lugha ya alama hata kwa kikao kimoja. Aliwekwa stoo. Picha yake ilikuwa ukurasa wa nne.

Tena mchanganyiko una gharama, na waandishi wa maandiko ya miradi wangekuwa wakweli zaidi wangeiweka kwenye bajeti. Kikao cha watu waliosoma chuo kimoja huisha saa moja. Ukimwingiza fundi, mama wa bomba, mzee wa mbari na mhasibu kutoka Kilimanjaro, kikao kinachukua siku, na mtu anaondoka amenuna. Maneno hayafanani. Mtaalamu anasema "chanzo", mzee anataja jina la korongo lenye hadithi ya nusu saa, na ndani ya hadithi, dakika ya ishirini na tano, kuna mwaka ambao korongo lilikauka. Ukimkatisha dakika ya kumi kwa ajili ya muda, umeupoteza mwaka huo. Wakefield alipewa wiki tisa.

Mwaka huu, kwenye maandalizi ya mradi mpya, nilimwomba yule mzee dereva wetu aingie ndani. Alisitasita mlangoni, akavua kofia, akakaa kiti cha mwisho karibu na pazia. Ramani ilikuwa ukutani, vijiji kumi na vinne, rangi ya kijani kwa vile vya awamu ya kwanza, Januari hadi Machi. Kwa saa nzima hakusema. Kisha akainua kidole kama mwanafunzi.

"Samahani jamani. Hivi vitatu vya huku," akasimama kuvionyesha, "kuna mto hapa katikati. Januari haupitiki. Gari likivuka asubuhi, jioni halirudi. Mimi nimelala mle mara mbili."

Mhandisi akatazama ramani. Mto ulikuwepo, mstari mwembamba wa buluu ambao sote tulikuwa tumeutazama wiki nzima. Mtu akafuta kijani kwenye vijiji vile vitatu. Kikao kikaendelea, mzee akarudi kwenye kiti chake karibu na pazia, na muda wa chai ulipofika mhasibu alininong'oneza akitaka kujua posho ya dereva aiandike kwenye kasma gani.